Fimbo Niliyoigeuzia Mama

Juzi, hapa kwangu Gendabi, mwanangu na mkewe walibishana mbele yangu kuhusu chanjo ya mtoto wao mchanga. Mkwe ameshika kadi ya kliniki, mwanangu ameshika simu.

"Wanasema sindano zinaharibu uzazi," mwanangu akasema. "Na baba huyu hapa hakuchomwa, mbona amefika uzee?"

"Hao wanaosema, mtoto akiugua watakuja kumbeba?" mkewe akamjibu.

Wakanigeukia mimi. Maneno yale ya uzazi niliyasikia nikiwa na miaka kama kumi, kwenye uwanda huu huu, na yalitugharimu mtoto.

Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya ng'ombe unazijua asubuhi zetu. Ukungu ulishuka kutoka mlima Hanang ukalala zizini, ndama wakalia wakiwataka mama zao, na bibi akatikisa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Mpaka leo maziwa yasiyonuka moshi nayaona maji. Kazi yangu ilikuwa kuchunga ndama. Baba alikuwa mtu wa fimbo. Alinipiga kwa kosa dogo na kwa kosa kubwa, na kovu la begani bado ninalo.

Mwaka ule watu wa mifugo walikuja kuchanja ng'ombe. Baba aliwapitisha ng'ombe wake wote bila ubishi. Siku chache baadaye mitamba wawili wakatupa mimba. Huenda walikuwa na ugonjwa mwingine, lakini nani angemwambia baba hivyo? Iliposikika kwamba gari la kliniki litakuja shuleni kuchanja watoto, aliwaambia wote nyumbani, "Nimeona sindano ilivyowafanya mitamba wangu. Binti yangu hachomwi."

Binti huyo alikuwa dada yangu mdogo, mwenye miezi mitatu. Mama alikuwa bado ndani ya uzazi. Kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani kwa miezi, ananyweshwa maziwa na mafuta, na mume haruhusiwi hata kumfokea. Lakini jirani yetu, mama mmoja mkulima aliyeolewa kutoka Bashay, alikuwa amewachanja watoto wake wote, na alimwambia mama kwamba kifaduro kinazunguka. Siku ya gari, baba akiwa mnadani Balangdalalu, mama alimfunga mtoto mgongoni akamfunika kwa ngozi. Akaniambia, "Akirudi mwambie nimelala." Wakaondoka na jirani.

Nami siku hiyo hiyo nilisinzia machungani, fisi akamrarua ndama. Nilikuta kichwa na miguu ya mbele tu, macho yamefunguka. Nilikuwa bado nalia juu ya mzoga ule baba alipotokea njiani akitoka mnadani. Alitazama damu, akanitazama, akainua fimbo.

"Mama amempeleka mtoto kuchomwa!" nikapiga kelele.

Fimbo ikabaki juu. Kisha akageuka akakimbilia shuleni. Niliokoka.

Nilimfuata kwa mbali. Mama alikuwa kwenye foleni, amebakiza wanawake wawili mbele yake. Baba hakusema salamu kwa mtu. Na mama, kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni, hakukimbia wala hakuinama. Alimgeukia, akaipokea fimbo kwa uso na kifua. Kila baba alipozunguka, naye alizunguka. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukilia kama kuni kavu. Jirani aliyejaribu kumshika baba alisukumwa akaangukia mawe, paji likapasuka. Muuguzi alijifungia garini. Baba akamburuta mama hadi nyumbani, na njia nzima mama alitema damu na meno.

Siku ya tatu wakaja akina mama. Nyinyi vijana hamkuwahi kuwaona wakija hivyo, wa boma hili na boma lile, na fimbo zao, wakiimba kwa sauti moja nzito mpaka mbwa wakajificha. Kwetu kumpiga mwanamke aliye ndani ya uzazi ni kuwakosea wanawake wote.

"Toka nje, shujaa!" bibi mmoja alimwita baba. "Mkono una nguvu, tuone na magoti!"

Baba alitoka, akapiga magoti kwenye samadi. Kama faini walimchagua dume wake mweusi, ambaye baba alikuwa akimwimbia jioni, wakamwangusha na kumziba pua na mdomo mpaka akaacha kutupa miguu. Wakamla nyama pale pale, na baba hakuonja. Niliona haki imetendeka. Wote tuliona hivyo. Dume alilipia mkono wa mama na meno yake, watu wakatawanyika wameshiba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya sindano.

Kifaduro kiliingia kabla mkono wa mama haujaunga. Watoto wa jirani hawakuugua. Dada yangu alikohoa mfululizo mpaka uso ukawa wa bluu, kisha akavuta hewa kwa sauti nyembamba inayopasua sikio, kisha akatapika, kisha ikaanza tena. Jicho moja lilijaa damu. Bibi alimpa maziwa ya punda. Siku ya tisa baba mwenyewe alimbeba kukimbilia Katesh kwa miguu. Alirudi kabla ya mchana, bado amembeba, na hakuna sauti iliyotoka kwenye nguo aliyomfunikia.

Sauti ile ya kuvuta hewa imetoweka huku kwetu, ndiyo maana watu wanaweza kubishana juu ya simu. Nilimwambia mwanangu haya yote, akaiweka simu mfukoni. Sehemu moja sikumwambia, naiandika hapa.

Mama alipozeeka, nikiwa na wajukuu tayari, nilipiga magoti nikakiri kwamba mimi ndiye niliyemchongea kwa baba.

"Nilijua," akasema. "Baba yako alikuwa ananipiga huku anakusifu wewe."

Nikamuuliza kwa nini, tangu dada alipokufa, hakumwambia mtu, wala bibi, wala mimi mwenyewe, miaka yote ile.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja," akasema.