Mgeni wa Babu na Chumba cha Punda

Babu yangu alijilaza chali juu ya kinyesi cha punda, mchana kweupe, akaniagiza nimpime urefu kwa kamba.

Sikuuliza kwa nini. Mtu aliyekaa shule ya bweni huko bara hashtuliwi na amri za ajabu.

Nikampima kutoka utosi hadi kisigino. Nikafunga fundo.

"Ongeza shibiri mbili," akasema, macho kayaelekeza darini. "Mgeni asibanwe."

Mgeni gani? Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Nawaomba mketi kwa adabu, hata wewe unayesoma umejificha chooni wakati wa prepu.

Mimi ni Husni, wa Mkomani, Lamu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nyumbani nalala ukumbini na mjomba wangu. Mjomba hukoroma kama jenereta lililoingia maji.

Babu, Mzee Harith, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa utundu. Yeye ndiye aliyenifunza kutia chumvi kwenye bakuli la sukari, mgeni anapokaa hadi mkeka ukamzoea.

Sasa siku hiyo, akiwa bado kalala pale chini, akanipa habari kubwa. Lile banda la uani, makazi ya punda wetu tangu sijazaliwa, lingegeuzwa chumba. Chumba cha mtu. Kiwe na dirisha, choo, umeme, na mlango wake wa kutokea kichochoroni. Tena kwa kibali, si kwa kujibanzabanza.

"Kitakuwa chako," akasema. "Ila kuna mgeni wangu atalala kwanza. Akishaondoka, ni chako wewe."

"Atakaa sana?"

"Hakai. Ni mtu wa ndia moja."

Ndia ni njia, kwa nyinyi wa bara. Nami sikulitafakari lile neno. Nilishaanza kupanga mahali pa kuweka spika.

Punda tulimwita Naibu. Jina nilimpa mimi, kwa heshima ya naibu mwalimu mkuu wetu, maana walifanana kutazama. Maskini Naibu alibeba mwenyewe mawe ya kumfukuzia. Kutoka gatini hadi uani, mawe, chokaa, boriti, bila kujua kwamba kila safari anajihamisha.

Kazi ilishikwa na fundi Amini wa Chundwa, mtu wa maneno machache na malalamiko mengi.

Lalamiko la kwanza lilikuwa mlango. Babu alitaka mlango wa kichochoroni uwe mpana mara mbili ya mlango wa kawaida, na usiwe na kizingiti.

Fundi Amini akauliza kama huo ni mlango wa chumba au ni geti la kuingizia tingatinga.

Babu akamwambia mgeni wake ana mabega.

Lalamiko la pili lilikuwa sakafu. Babu alitaka ikae mteremko kidogo, na katikati pawe na mfereji wa kutoa maji nje. Katikati ya chumba cha kulala, jamani. Choo kilikuwa na mfereji wake tayari.

Nikamwambia mzee umri unamcheza. Akanipiga na kofia yake, polepole, kama anayefukuza nzi.

Huku kwetu mji wa kale hujengi ovyo. Akaja afisa wa majengo, Bwana Kiptoo, kijana mrefu wa kutoka Bonde la Ufa ambaye vichochoro vyetu humlazimu atembee ubavu. Mara ya kwanza tu aliona mabati juu ya paa, akasimamisha kazi. Akasema mabati yashuke, saruji isipakwe ukutani, itumike chokaa, na dirisha lipanuliwe mtu apumue. La sivyo hatii sahihi, na banda litabaki banda.

Maana yake mimi nirudi kwa jenereta, na mgeni wa Babu akose pa kulala.

Niliona Babu alivyokunjamana uso. Sijawahi kumwona hivyo kwa ajili ya mabati. Kesho yake alfajiri alikuwa uani anamshikia fundi ngazi mwenyewe, huku anakohoa.

Sasa ngoja niwaambie jambo moja kuhusu nyumba yetu.

Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, na ngazi zake zina kona mbili nyembamba. Kochi halipiti. Friji ilivutwa kwa kamba kupitia dirishani. Bibi yangu, Bi Nasreen, alifia chumba cha juu kabisa nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Siku hiyo nilipelekwa kwa jirani nikapewa visheti. Sikuona aliteremshwa vipi, na nyumbani hakuna aliyewahi kulizungumza.

Nilichojua ni kwamba Babu, kila akifika kona ya pili, hutia kiganja ukutani. Mahali pale pale. Nikidhani anatafuta pumzi.

Turudi kwenye mlango.

Ulipokamilika, Babu akaagiza ubao mrefu, upana wa mtu, akataka watu wanne waubebe kutoka ndani hadi kichochoroni. Sharti ni moja: ubao usiinamishwe hata kidogo.

Mimi, kwa hekima niliyopewa na Mola, nikaona hii ni fursa.

Nikachukua shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo. Nikajilaza juu ya ubao, nikajifunika hadi kichwani, nikafumba macho. Rafiki yangu Ghassan akashika mbele pamoja na mjomba; fundi na msaidizi wake wakashika nyuma, na Ghassan akaanza kunisifu kwa sauti ya msiba: marehemu alikuwa mvivu, marehemu amekufa na deni la chapati.

Tukatoka hivyo hadi kichochoroni. Bi mmoja aliyekuwa akipita akaomba radhi kwa Mungu na kukimbia.

Mama akatoka na mwiko. Akanichapa nikiwa bado maiti. Akasema kifo hakichezewi, kitasikia.

Nikamtazama Babu, nikitaraji kofia.

Babu alikuwa kaegemea ukuta, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akajifuta uso, akamgeukia Ghassan.

"Aliinama?"

"Nani, Babu?"

"Maiti wetu."

"Hakuinama. Alitoka kama sinia la biriani."

Babu akaupima mlango kwa macho.

"Mrudisheni ndani," akasema. "Mtoeni tena. Kitwa mbele."

Wakanirudisha, wakanitoa tena, kichwa kikitangulia. Nikawa nachekelea chini ya shuka. Niliona nimeshinda, nimemwingiza mzee mwenyewe kwenye mzaha wangu.

Bwana Kiptoo alirudi kwa ukaguzi wa mwisho. Akapima dirisha, akatazama paa, akagonga chokaa kwa kidole. Kila kitu sawa. Halafu akaona mfereji katikati ya sakafu, akasimama.

"Hiki ni chumba cha kulala. Haya maji ni ya nini?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayesoma dua. "Afande, ni kwa ajili ya machozi ya wapangaji."

Hakucheka. Babu akamshika mkono, wakatoka wawili kichochoroni. Niliwaona kupitia ule mlango mpana. Babu anasema, Kiptoo anasikiliza, kainama ili amfikie. Waliporudi, Kiptoo hakuutazama tena mfereji. Akatia sahihi, akampa Babu mkono, akauacha pale mrefu kuliko kawaida.

Nikafikiri kapewa samaki.

Jioni hiyo nikatandika kitanda, nikauliza mgeni anafika lini. Babu akasema ameshakuya, ila yuko ndiani. Akashuka na mto wake, akasema ataanza yeye kulala humo, akijaribu godoro, mgeni asije akalalamika.

Siku zikapita. Mgeni haonekani, Babu hatoki. Naibu naye kila jioni anakuja kusimama mlangoni, anamtazama Babu kama mpangaji aliyefukuzwa kwa hila. Tukawa wawili tunaodai chumba kimoja.

Nikamwambia Babu huu ni unyakuzi wa ardhi.

"Subira," akasema. "Hatachelewa."

Nikaamua kulipiza. Ijumaa asubuhi nikamtengenezea chai ya tangawizi, nikatia vijiko vitatu vya chumvi, nikampelekea na mkate wa mofa juu ya sahani, uso wangu wa kicho kabisa.

Alikuwa kalala kwa ubavu wa kulia, anaelekea kibla. Dirisha alilifungua mwenyewe. Naibu kaingiza kichwa mlangoni, katulia.

Nikamwita. Nikamwita tena.

Ile chai niliinywa mwenyewe. Nilisimama pale pale nikainywa yote, na sikuhisi chumvi.

Walimwoshea mle ndani. Maji yakateremka kwenye sakafu, yakafuata mfereji, yakatoka bila kutuama. Fundi Amini alikuwa ukutani, kashika kifua, hana lalamiko.

Mama akaja kusimama karibu nami uani. Ndipo akaniambia habari ya Bibi.

Siku ile jeneza lilikataa kupita kwenye ngazi. Ilibidi wamfunge Bibi kwenye ubao kwa leso zake mwenyewe, wamteremshe kwa kumsimamisha. Babu alishika upande wa miguu. Kwenye kona ya pili, wakigeuza, kichwa cha Bibi kikagonga ukuta.

"Babu yako akamwambia pole," Mama akasema. "Mbele ya watu wote. Pole, Nasreen. Kama anayemsikia."

Kumbe hakuwa akitafuta pumzi.

Nilishika mguu wa mbele wa jeneza, mahali alipokuwa Ghassan siku ya mzaha. Tukatoka. Hatukugeuza, hatukuinua upande, hatukugusa mwimo wa mlango. Kitwa mbele. Hakuinama.

Kichochoroni, kati ya watu, nilimwona Bwana Kiptoo kasimama ubavu, kofia mkononi. Baada ya mazishi nilimfuata, nikamwuliza kama alijua.

"Aliniambia siku ile ya mfereji," akasema. "Daktari alikuwa amemwambia hana muda. Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kucheka, na kwenye nyumba hiyo hakuna mwingine wa kucheka naye."

Basi mgeni alikuwa Babu mwenyewe. Hakai. Wa ndia moja.

Na mimi niliyejiona bingwa wa mizaha nilikuwa nimefanyishwa mazoezi ya msiba nikiwa ndani ya shuka, nachekelea.

Funzo langu, waheshimiwa, silifungi kwa methali. Mzee akikuambia chumba ni chako lakini kuna mgeni atatangulia, usimhoji mgeni ni nani. Mtandikie vizuri. Na chai umpe ya sukari.

Chumba sasa ni changu. Spika sijaweka. Jioni Naibu huja akasimama mlangoni, nami simfukuzi.

Ule mlango ni mrefu kunipita, na mpana wa kupitisha watu wawili. Ila kila ninapoingia, huinamisha kichwa.