Ndimi za Konokono wa Vilindini

Kitu kilichonichosha roho zaidi ni ule ute. Konokono wa shambani kwetu ana ute pia, lakini huo hukauka juani ukabaki mstari unaong'aa kwenye jani la kabichi. Ute wa konokono hawa wa baharini haukukauka. Ulikaa katika spiriti miaka mingi ukawa kama makamasi ya mtoto mgonjwa, na ulinishika chini ya kucha hata nikila ugali nilikuwa nikiusikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari upande wa Nyamira, kazi ambayo namshukuru Mungu kwayo mpaka leo. Mwalimu wa sayansi alikuwa Mzungu aliyewahi kufanya kazi katika meli ya utafiti. Alikuja kwetu milimani na kreti la chupa, zote za konokono waliovuliwa kwenye vilindi visivyofikiwa na jua. Alitaka kuwapanga jamii kwa jamii, kisha aoneshe kwenye ramani kila jamii inapatikana bahari gani.

Nilidhani tutawapanga kwa sura. Wengine walikuwa kama kofia ndogo, wengine wamejikunja kama parafujo, na makombe yao yalikuwa meupe, membamba kama ganda la yai. Mwalimu akacheka.

"Sura inadanganya, dada. Tazama ulimi."

Konokono ana ulimi wenye meno, safu kwa safu, kama tupa. Ili kuuona, unamtoa mdudu kwenye kombe kwa kibano, unampasua kichwa, unakichemsha ndani ya magadi makali mpaka nyama yote iyeyuke, halafu unaokota utepe unaobaki na kuuweka chini ya hadubini. Supu ile ilikuwa ya kijivu. Harufu yake siwezi kuifananisha na kitu cha nchi kavu. Mara ya kwanza nilikimbilia nje nikatapika kwenye maua ya mwalimu mkuu.

Hata hivyo nilijifunza. Niliona jamii moja ikitokea Atlantiki, Pasifiki na Bahari ya Hindi, kwa sababu kule chini maji ni baridi vilevile kila mahali, na jamii nyingine haitoki nje ya bonde lake moja la baharini. Nilijifunza huku nimefumba pua.

Nyumbani, mama alikuwa shemasi wa kanisa letu la Wasabato. Tangu nikiwa mdogo ndiye aliyekanda mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana, ambayo kwetu huandaliwa mara moja kila robo ya mwaka, na mkate huo hukandwa Ijumaa, siku ya maandalio, kabla jua halijazama. Sasa baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole. Robo ile alisema kazi itakuwa yangu. Nilikuwa nimeitamani maisha yangu yote.

Ijumaa yenyewe, spiriti ya chupa kadhaa ilikutwa imekauka. Mwalimu aliniomba nimsaidie kuwaokoa waliomo kabla hawajaoza kabisa. Nikang'oa ndimi mpaka adhuhuri, nikaenda nyumbani, nikasugua mikono kwa majivu na ndimu. Mama alikuwa amepepeta unga tayari. Akanishika kiganja, akanusa.

"Umegusa wale."

"Nimenawa, mama."

"Wana mapezi?"

"Hawana."

"Magamba kama ya samaki?"

"Hawana. Wengine hata macho hawana."

"Macho hawana! Na wanakula nini huko gizani?"

"Baadhi wanakula uchafu unaodondoka kutoka juu."

Mama akatema mate mlangoni. "Basi Mungu aliwaweka mbali nasi makusudi, akawafunika na bahari nzima. Nani huyo aliyekwenda kuwafunua?" Kisha akasema taratibu, "Agusaye mzoga wa machukizo ni najisi hata jioni. Si mimi niliyesema, ni Maandiko."

"Lakini jioni ni Sabato. Hatuoki."

"Najua."

Sikubishana. Kwa kweli mikono yangu ilinichukiza kuliko ilivyomchukiza yeye. Nilikaa kizingitini nikamtazama akikandamiza unga kwa vifundo vya vidole, akisita kila maumivu yalipomshika. Nilitaka kusaidia hata kuchochea makaa. "Kaa hukohuko," akasema. Mkate ukatoka mnene upande mmoja, upande wa pili umeungua.

Kesho yake mchungaji alipoumega ulilia kama kijiti kikavu. Watu wakatafuna kwa heshima, kwa muda mrefu. Mama alikuwa kando yangu, shavu limevimba kwa kipande kisichotaka kulainika.

"Robo ijayo utakanda wewe," alininong'oneza. "Mwambie yule mwalimu wako Ijumaa ni yangu. Siku nyingine akae na masheitani yake."

Jumatatu nikamwambia mwalimu, ila masheitani sikuyataja. Akafuta Ijumaa kwenye ratiba iliyokuwa ubaoni, akanisogezea chupa. Ndani yake alikuwamo mmoja mkubwa kama ngumi, amevimba, ngozi inamchunika. Nikavuta pumzi kwa mdomo, nikachukua kibano.