Kisigino cha Mutoto wa Kilo Moja

Delphin hakujua kutulia. Hata usingizini, mke wake anasema, mkono ulitikisika kama bado anachanganya matone. Alikuwa laborantin, mpima damu, katika hospitali moja ya Bunia. Wafadhili walikuwa wameleta mashine ya kupima damu yenye bei ya nyumba. Ilikaa kwenye kona, imefunikwa shuka kama maiti, maana dawa zake za kupimia zilikuwa njiani tangu Pasaka ya mwaka mwingine. Delphin alibaki na kadi nyeusi ya kupimia damu, kijiti na macho yake.

Mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati, microbe ikiingia mu damu, hapigi kelele. Anachoka tu, halafu anakwenda. Ni damu inayomsemea: kuna protini, CRP, inayopanda. Shida ni kwamba inapanda polepole, kama fonctionnaire wa serikali anayekwenda kazini.

Asubui moja alipima mutoto wa kilo moja na grami mia tatu aliyekataa kunyonya. Kadi haikuonyesha kitu. Saa nane ngozi ya mutoto ikawa ya majivu, Delphin akarudi na sindano ya kutoboa kisigino. Alikuta Koko Domitille, mama wa mama wa mutoto, anamfunga mjukuu mu kitenge waende nyumbani.

"Karatasi yako ilisema iko muzima. Unatafuta nini tena?"

"Koko, asubui ilikuwa mapema. Ugonjwa iko inatangulia, damu inafuata nyuma. Mukitoka naye sasa, anaweza kufa."

"Weye ni mutu wa wapi?"

Bunduki zilikuwa zimenyamaza miaka ile, lakini swali hilo lilikuwa bado na meno.

"Gety."

Koko alikuwa wa Fataki, na watu wa pande hizo mbili walikuwa wameuana mu vita. Wamama wote wa chumba wakaanza kuangalia dari.

"Damu yetu mulikunywa kule, haikutosha?"

"Koko, ni matone tu. Hata mbu wa Gety anakunywa zaidi."

Mama mmoja alicheka, akajificha nyuma ya blanketi. Koko aliangalia ngozi ya majivu ya mjukuu, akafungua kitenge.

"Toboa. Lakini kichupa cha damu nitabeba mimi."

Wakavuka kiwanja, Koko mbele na kichupa mu ngumi, Delphin nyuma akimuomba asitikise. Kwenye labo alikataa kutoka. Delphin akazungusha damu mu mashine ndogo mpaka maji yake yakajitenga, akaweka tone la maji hayo kwenye kadi, akaongeza tone jeupe la dawa, akaanza kuyumbisha kadi. Dakika mbili. Aliona ukungu tu.

"Inaganda," Koko akasema.

"Bado, Koko, minaangalia..."

"Unaangalia nini? Minagandisha maziwa tangu baba yako hajaoa! Vipande ni hivi. Na hapa."

Delphin akainua kadi kwenye dirisha. Kweli, chembe, laini kama unga.

"Kuganda ni vizuri ao vibaya?"

"Vibaya. CRP imepanda. Mutoto hatoki. Aanze dawa sasa hivi."

Koko alikuwa amekwisha kutoka mbio, akiita infirmière alete dawa, kama nyumba inaungua.

Kesho yake, mbele ya saa moja, alikuwa mlangoni mwa labo. "Toboa tena, tuangalie."

"Koko, mutoto wa kilo moja hana damu ya kuchezea. Tungoje."

"Basi toboa yangu. Mimi niko nayo mingi." Akanyoosha kidole.

Delphin alimfukuza kwa heshima, siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tano mutoto akanyonya; Delphin akatoboa tena, na tone halikuganda. Koko aliinamia kadi mara tatu kabla ya kuamini macho yake. Macho ya Delphin hakuyauliza.