Sauti Waliyoisifu Ilikuwa Ugonjwa

Habari ilinikuta Lugoba, nilikokwenda kwa shughuli za shamba. Aliyenipigia simu ni mpiga besi wa bendi ile ya Mapinga, ambayo wasomaji wangu wa siku nyingi wanaikumbuka, maana niliwahi kuitaja kwenye safu hii nikaletewa maneno mazito. "Shikamoo mzee," alisema. Nikaitikia marahaba. "Mwenzetu ametutoka. Asubuhi hii, mama yake akiwa amemshika mkono." Aliyemtaja ndiye aliyekuwa mwimbaji na mwanzilishi wa bendi. Siwezi kujidai kwamba tulikuwa marafiki. Alinichomelea geti la nyumba yangu, tukazoea kuzungumza, na tangu hapo nikawa mmoja wa watu wachache wa rika langu waliokwenda kumsikiliza akipiga muziki wake. Kwa macho yangu alikuwa bado kijana.

Wazazi wake walikuwa walimu kutoka bara, waliopangiwa kazi Bagamoyo na wasirudi tena kwao. Gitaa alilijulia kwenye kwaya ya kanisa. Baadaye, viwanja vya Mapinga vilipoanza kuuzwa kwa watu wanaofanya kazi Dar na kila mwenye kiwanja akataka geti na grili, alifungua karakana ya kuchomelea, na humo humo akaunda bendi na wenzake wawili, huyo wa besi na mwingine wa ngoma za kizungu. Muziki wao ulikuwa metali: magitaa yanayokwaruza, mapigo ya kasi, na mwimbaji anayenguruma badala ya kuimba. Majirani walisema vijana wale wanaabudu shetani. Kwaya ikamwondoa. Mimi niliyewasikiliza niliona shida nyingine kabisa, kwamba hawakuwa na neno lao wenyewe. Waliiga vijana wa Ulaya mpaka makoti meusi, katika joto letu hili, wakanguruma kwa Kiingereza ambacho hata wao hawakukielewa vizuri.

Jambo lililowageuza nililiona kwa macho yangu. Walipewa nafasi ya kupiga katika ukumbi mmoja hapa mjini Bagamoyo, alasiri, kabla ya vikundi vingine. Wimbo wa kwanza ulipokwisha nusu ya watu walikuwa wamekwishatoka nje, na ulipokwisha wa pili viti vilikuwa vitupu. Mbali na mimi, alibaki mama mmoja, mjane, aliyekuwa mpiga fidla wa taarabu miaka mingi, hadi kikundi chake kiliponunua kinanda cha umeme na kumwambia apumzike. Alikuwa amekaa wima kwa buibui lake, mikono mapajani, kama yuko msibani. Walipomaliza alimfuata yule kijana, ambaye alikuwa akikunja nyaya.

"Shikamoo mama," alisema kijana. "Samahani kwa makelele."

"Marahaba, mwanangu. Makelele nayajua, na hayo si makelele. Unapiga kama mtu aliyefiwa. Nani amekufa?"

Aliendelea kukunja waya, hakuinua kichwa. "Mdogo wangu. Aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda, barabara hii hii. Nilimtuma mimi."

"Mkamlilia?"

"Mama hakutaka tulie. Alisema tumwachie Mungu."

Yule mama alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Sikiliza. Kilio ukikianzia juu, watu wanakukimbia. Kianze chini, wakusogelee, halafu ndipo upande nao. Njoo nyumbani na hilo gitaa lako nikuoneshe."

Alikwenda. Kuanzia hapo bendi ile haikuwa tena kitu kimoja chenye jina moja. Nyimbo zilianza kwa fidla ya yule mama peke yake, polepole, kwa mtindo wa taarabu ya zamani. Gitaa likaingia kama mtu anayesafisha koo. Ngoma za kizungu zikachukua mwendo wa mdundiko, ile ngoma ya mitaani ya Wazaramo. Na ngurumo ikaja mwishoni kabisa, kwa Kiswahili, wakati msikilizaji hana tena pa kukimbilia. Lawama zikatoka pande zote. Wapenzi wa metali walisema ameuharibu muziki wao, wapenzi wa taarabu wakasema amewadhalilisha, na shemeji za yule mama wakamwuliza mjane anatafuta nini katikati ya vijana wa karakana. Nimefikiri sana juu ya hilo. Wale wawili walikuwa wamefukuzwa, mmoja kwenye kwaya na mwingine kwenye kikundi alichokilea, na sisi tuliowafukuza tulikasirika tulipoona wamekutana. Mji wetu unajisifu kuwa mji wa sanaa, lakini tunapenda sanaa ambayo tumekwisha kuizoea.

Hata hivyo watu wakaongezeka. Walipiga Saadani, wanawake wakaacha samaki kwenye vichanja wakaja kusikiliza. Simu za vijana zikaanza kuzungusha nyimbo zao. Kisha sauti ya mwimbaji ikabadilika. Ngurumo ilipungua, ikawa mkwaruzo mkavu, kama pumzi inayopita kwenye bati lililotoboka. Waandishi wa mitandaoni walifurahi. Walisema amepata mtindo mpya, kwamba amekomaa, kwamba hakuna mwingine mwenye sauti kama ile. Kumbe ilikuwa uvimbe kooni.

Daktari alimweleza wazi. Kisanduku cha sauti kilicho kooni kitolewe mapema, atapona, ila hataongea tena. Alimwomba daktari muda amalize kurekodi. Mpiga besi aligombana naye, akitaka aende mara moja. Mjane wa fidla alimwendea karakanani, na maneno yao alinisimulia mama huyo mwenyewe. "Mwanangu, nenda ukakatwe. Fidla itaimba kwa niaba yako."

"Mama, mimi ni fundi tu wa mageti. Watu wananijua kwa sauti hii. Ikitoka, nitabaki nani?"

"Utabaki hai."

Alicheka, akamwambia wakimaliza tu, ataenda. Kumaliza kukachukua muda mrefu kuliko walivyodhani, maana kila siku koo lilikataa zaidi ya jana. Alipokwenda hatimaye, uvimbe ulikuwa umeshuka kifuani na daktari hakuwa na la kukata.

Mazishini mhubiri alisema kijana huyu aliipeleka gizani sauti aliyopewa na Mungu, na watu wajifunze. Mama mzazi, mwalimu mstaafu, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, wala hakutoa chozi, kama alivyofanya kwa yule mdogo. Siku ya pili nilikwenda kuwapa pole nyumbani. Alikuwa amekaa mkekani na mjane wa fidla, na mpiga besi alikuwa mlangoni. Mama akamwita.

"Baba, wewe una sauti yake kwenye simu?"

"Ninazo nyimbo zote, mama."

"Sitaki nyimbo. Nataka akiongea tu. Akiomba maji, akiuliza saa. Chochote."

Kijana alikaa chini akatafuta muda mrefu. Alikuwa na ngurumo za miaka yote. Mwishowe alipata kipande kifupi cha mazoezini, kabla wimbo haujaanza. Sauti ya marehemu, nzima, ya kawaida, ikasema: "Ngoja kwanza, besi haijakaa sawa. Nani amechukua kiti changu?" Basi, ikakatika. Mama akataka irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu alianza kulia, kilio kilichoanza chini kabisa, na ndani yake nilisikia akitaja majina mawili. Mjane alimshika mabega.

Alipoweza kusema alisema, "Ningempokea bubu. Hata angekuwa bubu, ningempokea."

Ndugu msomaji, albamu yao imetoka na inasifiwa, na nadhani inastahili. Lakini mimi nimerudi nyumbani na maneno ya mama huyo. Tunashikilia kile tunachodhani ndicho kinachotufanya tupendwe, sauti, cheo, kazi, tunakishikilia hadi kinatuua, wala hatuwaulizi wanaotupenda kama wanakihitaji. Kama una jambo la kumuuliza daktari na unalichelewesha kwa sababu ya kazi, tafadhali nenda. Wanaokusubiri nyumbani wanakutaka wewe.