Mkono Unaofuata Pumzi

Syovata alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, na kwa miaka kumi na saba halikupita shuka mikononi mwake likiwa na doa asilione. Doa la mvinyo, la mafuta ya kujipaka juani, la damu ya mbu, yote aliyaona kabla shuka halijatua mezani. Wenzake walisema ana macho ya mwewe. Kwa hiyo jambo la mkono wa Mumo lilimkera kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Yeye anayeona kila kitu, hilo hakuliona. Au aliliona akageuza uso, na hili la pili ndilo lililomnyima raha.

Mumo alikuwa mwanawe wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne, mtandika vitanda katika hoteli ileile. Taulo mbili nyeupe zikiingia mikononi mwake zilitoka bata maji wawili wamegusanisha midomo, au tembo, au nyani wa kuning'inizwa kwenye pazia. Wageni walimpiga picha. Syovata, aliyeacha shule darasa la tano huko Makueni, alizifua na kuzikunja taulo zizo hizo akijiambia kwamba mwanawe ndiye anayezipa roho.

Mwezi wa Julai, jioni ya manyunyu, pikipiki iliyokuwa ikimrudisha Mumo nyumbani Ukunda iliteleza kwenye mchanga. Alianguka kwa bega la kulia, shingo ikatupwa upande wa pili. Alipoinuka alikuwa anacheka, kisha akaona mkono haumfuati. Ulikuwa unaning'inia tu.

Katika zahanati waliyomkimbilia, daktari aliinua picha dirishani akasema mfupa ni mzima. Akaongeza kwamba mkono haujibu, kwa hiyo kijana arudi baada ya wiki tatu waangalie mishipa ya fahamu. Syovata alilipokea lile neno la kwanza kwa mikono miwili. Mfupa mzima. Alilibeba hadi nyumbani, akalipeleka kanisani likashukuriwa, akalirudia kazini kwa kila aliyeuliza. Zile wiki tatu zilipotimia alisema kwamba kisichovunjika hakihitaji fundi wa hospitali, kinahitaji kukandwa.

Ndipo alipompeleka Mkongani kwa Boga, mkulima wa muhogo aliyekuwa na sifa ya kuunga mifupa na kukanda. Kila Jumamosi walipanda kwenda huko. Boga alipakaza mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani, akaukanda mkono kuanzia bega hadi vidole, taratibu, huku akizungumza habari za nguruwe mwitu walioingia shambani mwake. Syovata alikaa kitini akimtazama. Mumo akianza kulalamika kwamba moto unampita kiganjani, kama mtu aliyeshika pasi, Syovata alifurahi kimoyomoyo. Mkono uliokufa hauwezi kuuma, alijiambia. Unauma, basi unarudi.

Mwishoni mwa mwezi wa pili Boga alimaliza kazi, akafuta mikono, akamwambia Mumo atoke barazani akanywe dafu. Kisha akamgeukia Syovata.

"Mama Mumo, nisikilize. Mfupa mimi ninaujua hata nikifumba macho. Huu hauna shida. Kilichoharibika kimo ndani, na mimi sikijui. Mpeleke kijana kwa madaktari."

Syovata alihisi kama amefukuzwa. Akamwambia Boga kwamba mkono umeanza kuuma, na kwamba kucha zinakua. Akamsihi aendelee kidogo tu, hadi Krismasi. Boga alitazama chini. Kumkatalia mama mwenye machozi nyumbani kwake ni jambo zito, na mwishowe akakubali. Walipotoka, Mumo aliuliza Boga amesema nini. Syovata akajibu kwamba amesema wawe na subira.

Krismasi ilipita. Mkono ulikonda hadi ukawa kama wa mtoto, umeshikwa na leso ya mama yake shingoni. Hoteli ikaajiri mtu mwingine wa kutandika vitanda.

Aliyeivunja ile subira alikuwa Yusra, Mdigo wa Msambweni aliyefanya kazi kwenye mashine za kufulia, ambaye hakujua kuficha neno. Siku Mumo alipomletea mama yake chakula kazini, Yusra aliufungua mkono kutoka kwenye leso, akauinua, akauachia. Ukaanguka kama shuka lililolowa.

"Wewe Syovata," alisema, "doa la chai unaliona kutoka mlangoni. Hili umelikosaje?"

Kesho yake Yusra aliomba ruhusa, akawapeleka mwenyewe hospitali ya Msambweni kwa Purity, dada wa mazoezi ya viungo, na Purity akawaandikia kwa daktari bingwa wa Mombasa. Daktari yule aliuliza ajali imetimiza miezi mingapi. Syovata akajibu haraka kwamba ni kama sita hivi.

"Kumi na mmoja," alisema Mumo.

Daktari hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba mishipa ya fahamu iling'oka shingoni, pale inapotokea kwenye uti wa mgongo. Angalimwona katika miezi ile ya mwanzo, angaliweza kuazima mshipa mwingine na kuuamsha msuli wa mkono wenyewe. Sasa msuli ule umekwisha, umekaa mno bila kuitwa. Lililobaki ni kutoa msuli mmoja wa ndani ya paja, kuushona mkononi, na kuuunganisha na mishipa ya mbavuni, ile inayoinua kifua mtu anapovuta pumzi. Ukishika, utakunja kiwiko. Vidole hakuahidi.

Upasuaji ulichukua siku nzima. Mumo alipozinduka aliangalia bandeji ya pajani na ya mkononi, akasema, "Mama, sasa nikimpungia mtu mkono, nitakuwa nimempiga teke." Manesi walicheka. Syovata alitoka nje kunawa uso.

Kisha ikawa kungoja. Purity alimfundisha Mumo kuvuta pumzi ndefu na wakati huohuo kuuamuru mkono ukunjike, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. "Vuta kama mtu aliyeitwa kutoa ushuhuda mbele ya kanisa," alimwambia. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili, wa tatu, hakuna kitu. Kila asubuhi kabla ya zamu Syovata alikaa mbele ya mwanawe, macho yamekaza kwenye kovu, akivuta pumzi pamoja naye bila kujua.

Mwezi wa tano jirani alikuwa anachoma korosho uani, na moshi wa maganda yake ukaingia ndani. Mumo akakohoa. Chini ya ngozi, juu kidogo ya kiwiko, kitu kilistuka kama samaki mdogo ndani ya ndoo. Mumo hakukiona. Syovata alikiona. Alikwenda kusimama kando ya jiko la jirani, akamwomba aongeze maganda.

Mwaka ulipotimia, kiwiko kilikunjika. Mumo aliweza kuunyanyua mkono hadi kifuani na kubana kitu ubavuni. Vidole vilibaki vilivyo, baridi, havijui jiwe wala pamba. Hoteli ilimrudisha, si vyumbani, bali stoo ya mashuka. Watu walimpongeza Syovata kanisani kwa kumpigania mwanawe, na kila pongezi ilimshuka kooni kama dawa chungu.

Jumapili moja baada ya ibada, Mumo alileta taulo, akaitandaza mezani. Akaigandamiza kwa mkono ule wa kulia kama mtu anayeweka jiwe, na kwa wa kushoto akaanza kukunja. Ilimchukua muda mrefu. Bata maji alitokea, shingo imelala upande.

"Anauguza shingo kama mimi," alisema Mumo akitabasamu.

Syovata alishindwa kutabasamu.

"Mumo, Boga alinikanya."

"Alikukanya nini?"

"Mwezi ule wa pili. Ulikuwa barazani unakunywa dafu. Aliniambia nikupeleke kwa madaktari. Mimi ndiye niliyemwomba aendelee."

 Uso wa Mumo haukubadilika, uliendelea kumtazama yule bata. Lakini kifua kilijaa pumzi moja ndefu, na mkono wa kulia uliokuwa umelala mezani ukanyanyuka wenyewe, bila kuamriwa, ukakunjika hadi nusu, ukakaa hapo ukitetemeka. Alipoishusha pumzi, nao ukashuka.

Mwaka mzima Syovata alikuwa amengojea kila asubuhi kuuona mkono ule ukiinuka. Sasa ulikuwa unamwambia kile ambacho mwanawe alikizuia mdomoni.

"Usiuangalie mkono, mama," Mumo alisema polepole.

Syovata akainamisha macho kwenye taulo, kwenye ile shingo iliyolala, akajitahidi yasibanduke hapo. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea kuona, na pembeni aliuona ukipanda tena.