Siku Mukabalisa Alipomsifu Mwanawe

Mukabalisa hakuwapenda wageni, na wageni, Mungu awabariki, hawakuwahi kugundua. Walipanda kilimani kwake kutoka Goma, wamevaa viatu ambavyo havijawahi kukutana na kinyesi cha ng'ombe, wakasimama mbele ya zizi na kutangaza kwamba hewa ya huku ni safi. Hewa! Utadhani yeye na ng'ombe wake walikesha wakiitengeneza ili wao waikute asubuhi.

Aliwavumilia kwa sababu moja tu, mwanawe Gauthier. Kaka wawili wa kijana huyo walikwenda Kampala kwa muda kidogo, na huo muda kidogo ulikuwa umewapatia wake na watoto ambao Mukabalisa aliwajua kwenye simu tu. Huyu wa mwisho naye alikuwa ameanza kuikodolea macho barabara, mpaka alipobuni biashara hii ya kulaza wageni shambani. Wageni wakiwepo, habanduki. Basi mama mtu akafua mashuka, akafukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa majani kama alivyofundishwa na mama yake, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Na Gauthier alikuwa na maneno! Asubuhi aliwashusha wageni ziwani, akawatembeza juu ya mawe meusi ya volkano kando ya maji. Wakirudi, ilikuwa zamu ya urithi. Jiwe lililokuwa nyuma ya nyumba lilikuwa limepandishwa cheo: sasa wazee wa zamani walilikalia wakiamua kesi. Mukabalisa alilijua jiwe lile vizuri, maana ndipo alipoanika nepi za Gauthier. Lakini alimwachia hadithi yake. Nani atasafiri kuja kuona nepi?

Jumapili moja akaja Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye hoteli yake Kampala. Alikunywa maziwa, akaomba mengine, akacheka kila hadithi ya Gauthier, hata zisizochekesha. Baada ya chakula akamfuata Mukabalisa jikoni. Gauthier alikuwa hapo hapo mlangoni, akiosha sahani.

"Mama, miye nataka huyu kijana akuje Kampala, awe anapokea wageni pa hoteli yangu," alisema. "Lakini nilisema niulize kwanza mama yake. Ni mutu wa kazi?"

Mukabalisa alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kumbe mambo ni rahisi hivi!

"Huyu?" alisema. "Ni muvivu. Analalaka mpaka saa sita. Na anadanganyaka watu. Ile jiwe alikuonyesha, ni pale nilikuwa naanika nepi yake!"

Mama Kahindo alipiga makofi kwa furaha. "Ni vile vile alitufasiria asubuhi! Alisema kwenu mutoto munamupenda, munamutukana mbele ya mugeni, juu macho ya wivu isimupate!"

Ilikuwa kweli. Kilimani kwao hakuna aliyesifu mali yake mbele ya macho ya mtu mwingine. Ng'ombe aliyejaza ndoo kuliko wote aliitwa Mifupa tangu alipozaliwa. Kumbe bwana urithi alikuwa amewauzia wageni hata na hilo! Mukabalisa alijaribu tena: mlafi, mchafu, hana akili. Kila tusi lilimpandisha kijana ngazi, na lilipofika la ulevi, Mama Kahindo alikuwa tayari kumfanya gérant, meneja wa hoteli nzima.

Basi, Mukabalisa akawaza, kama kwa mama huyu matusi ni sifa, sifa zitakuwa matusi.

"Sawa, Mama Kahindo, nitakuambia ukweli," alisema. "Huyu mutoto ni muzuri. Anaamukaka mbele yangu. Wakati baba yake alikufa, miye sikuwa natoka kitandani. Ni yeye alikuwa anakamua, anapika, ananilisha na mukono yake."

Alikusudia kuendelea kwa mbwembwe, lakini mbwembwe zilimwishia. Yote yalikuwa kweli, na hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote, sembuse huyo kijana mwenyewe. Aliona haya.

Mlangoni, sahani ziliacha kugongana. Hapo ndipo Mukabalisa alipokumbuka kwamba watu wa kilima chake husifu ng'ombe mahali pamoja tu: sokoni, siku ya kumuuza aondoke.

"Mama," Gauthier alisema, "unaniachilia? Asubuhi nilimuambia Mama Kahindo hapana. Nilijua hautakubali."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Mukabalisa hakuwa ameuona hivyo tangu kabla ya mazishi ya baba yake, na yeye, mpumbavu, alikuwa akidhani kule kufifia kwake ni uchovu wa wageni. Tusi moja tu lingemwambia hapana, na kumbakiza nyumbani. Alikuwa nalo tayari mdomoni.

Akamgeukia Mama Kahindo.

"Anakulaka polepole," alimwambia. "Kule Kampala usimuharakishe."