Papa Badala ya Mbuzi

Harufu ya papa aliyekaushwa kwa chumvi haina simile. Ilitangulia kufika kabla ya mwenye mzigo, ikaishinda harufu ya samadi na moshi wa kuni, nami niliyekuwa nikikata majani ya ng'ombe nikaweka mundu chini. Ilikuwa wiki ya Krismasi, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na vijana wa Old Moshi wakatawanyika kutafuta riziki. Aliyekuwa akipanda njia na gunia kichwani alikuwa Baba mdogo Elinami, kitinda mimba wa Babu.

Kwetu Uchagani nyumba ya wazazi hurithiwa na kitinda mimba. Ndiye anayebaki, anayetunza migomba, anayewazika. Elinami aliondoka bila kuaga, akaenda kuvua papa kwenye visiwa vya mbali huko kusini, na Krismasi kadhaa zikapita bila hata salamu. Babu akaapa kwamba hatakula naye tena. "Mwacha asili ni mtumwa," alikuwa akisema huku akipogoa mibuni peke yake.

Kwa sababu ya kiapo hicho Baba mdogo alifikia kwetu, nyumba ya kaka yake. Tulimzunguka jikoni akatusimulia visiwa visivyo na kisima, ambako maji ya kunywa huletwa kwa mapipa na wavuvi hulala mchangani miezi mizima katika kambi waiitayo dago. Hutega jarife, wavu mzito wa papa, na wanapouvuta alfajiri mashua huinama upande, kila mtu akajua kwamba kilichonaswa bado kina uhai. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepungua vidole viwili. Nilimwuliza kama aliogopa.

"Niliogopa kufa baba hajanisamehe," alisema. "Meno yenyewe hata sikuyaona."

Nilimpenda kuliko mtu mzima yeyote niliyemjua.

Mila yetu ni kwamba anayeomba msamaha hupeleka jani la sale, na anayepelekewa hawezi kulikataa. Jani huandamana na mbuzi, waliogombana wakamla pamoja, ugomvi ukaisha. Baba mdogo alipeleka jani na papa. Labda bahari ilimsahaulisha, labda alitaka kumpa baba yake kile kilichotaka kumtoa roho. Babu alilipokea jani kwa mikono miwili, kisha akamtazama samaki, chakula ambacho wazee wa rika lake hawakuwahi kukitia kinywani.

"Sale nimelipokea," alisema. "Mbuzi wake simwoni."

"Baba, huyu ndiye mbuzi wa kule ninakochunga."

"Basi ukipata wa huku, utaniletea."

Baba yangu alimsihi mdogo wake achukue mbuzi wa zizini kwetu. Akakataa, alitaka awe wa jasho lake. Ukaidi ule hakuuokota njiani. Akarudi visiwani kwa safari moja ya mwisho, ndivyo alivyotuahidi.

Wakati wa masika, mwenzake wa dago alipanda hadi kwetu kutuambia kwamba mashua ilizama, na Elinami hakuonekana. Hapakuwa na mwili wa kurudisha na kuzika mgombani, na kwetu hakuna msiba mzito kuliko huo. Babu hakulia mbele yetu. Alichagua beberu bora zizini mwake, akachuma sale mwenyewe, akatuita mahali alipokuwa amepanga yeye mwenyewe azikwe, ubavuni pa kaburi la Bibi. Alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, akasema kwa Kichaga, "Mwanangu, nimekula. Tumemaliza." Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi sote tulijua hivyo tulipokuwa tukila nyama ile.

Leo mibuni mingi imeng'olewa, vijana wanapandisha watalii mlimani, na samaki wanapikwa kila nyumba. Kaka yangu naye alipotelea ughaibuni miaka mingi bila hata simu. Krismasi iliyopita alisimama mlangoni na jani la sale, mkono mwingine mtupu, akaanza kueleza kwamba mbuzi atamtafuta kesho. Baba, ambaye sasa ni mzee kama Babu alivyokuwa, hakumwacha amalize.

"Ingia ule, mwanangu," alisema, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.